Odio ya saa nane usiku: namna ya kupokea habari ya kutisha bila kukimbia bure wala kubaki bure

Nianze na aibu yangu mwenyewe, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nawaandikia. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho (jumamosi), jioni, hapa kwetu Goma, Kongo, mbingu ya upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ikawa nyekundu, jirani akapiga kelele "volkano!", na mimi niliyekuwa na sahani ya bugari na sambaza mkononi nikamjibu kwamba ni nyumba inaungua kule juu, wekeni chakula watoto wale. Mwalimu mzima wa kemia. Tulitoka saa mbili baadaye bila maji, bila karatasi hata moja, mtoto wa mwisho amevaa viatu vyote vya mguu wa kushoto.

Siku tatu baadaye nikafanya kinyume. Ardhi inatikisika kila dakika chache, hakuna anayelala, saa nane usiku ikaingia mu simu odio ya mwanaume anayehema: ziwa Kivu litapasuka usiku huu, gesi iliyo ndani yake itatumaliza, "niko na mtu ndani ya serikali". Nikaipartaje mu grupu nne za familia kabla haijaisha. Tantini yangu wa Himbi aliisikia, akabeba wajukuu wawili usiku ule ule kwa miguu kuelekea mji wa Sake, akajikwaa kwenye mawe ya lava, akavunja mkono. Usiku huo ziwa halikufanya kitu. Na tarehe 27, gavana alipotangaza rasmi kwamba kartie (mitaa) kumi za mji zihame, kuna watu mu avenue yetu waliocheka, juu walidhani ni odio ingine.

Toka siku hiyo nimesoma sana juu ya hofu za namna hii, zilizotokea hapa na zilizotokea mbali, na nimejitengenezea desturi zangu. Si sheria, ni vile ninavyofanya mimi simu ikilia usiku.

Kitu cha kwanza: usijiulize "ni kweli ama ni uongo?" Saa nane usiku huwezi kujua, acha kujidanganya. Jiulize: nikiamini na ikawa uongo nitapoteza nini, nisipoamini na ikawa kweli nitapoteza nini. Hayo ni maswali mawili tofauti na majibu yake mara nyingi hayalingani hata kidogo.

Mfano wa mbali. Mwaka 1976 kule Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa mu Karibi, volkano ya La Soufrière ilianza kutema mvuke na majivu, na wataalamu wawili wakubwa wakagombana mbele ya waandishi wa habari. Claude Allègre alisema hatari ni kubwa. Haroun Tazieff, na huyu wazee wa Goma wanamjua vizuri juu njo yule aliyekuwa anashuka ndani ya Nyiragongo kwa kamba, akasema hapana, hakuna magma mpya (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi) inayopanda. Serikali ikahamisha watu zaidi ya 70,000 kwa miezi, masomo yakafungwa, biashara zikaoza, na mlipuko mkubwa haukuja. Tazieff alikuwa na haki. Watu wakasema basi, wataalamu wa volkano wanatisha tu.

Miaka tisa baadaye, Kolombia, mlima unaitwa Nevado del Ruiz. Ramani ya hatari ilikuwa imechorwa tayari, inaonyesha wazi kwamba mji wa Armero uko kwenye njia ya tope litakaloshuka mlima ukilipuka. Wakubwa wakaona kuhamisha mji mzima ni gharama, na kama mlima usipolipuka watachekwa. Jioni ya tarehe 13 Novemba 1985 majivu yakaanza kudondoka, watu wakaambiwa watulie manyumbani. Tope lilishuka usiku, wakafa zaidi ya 20,000.

Sasa ukiweka hizo mbili pamoja unaona kwamba kukimbia bure kunauma, watu wa Guadeloupe walilia kweli, lakini baadaye walirudi nyumbani. Na bado sisemi kimbia kila mara, mkono wa tantini yangu ni shahidi. Nasema pima bei. Shauri la bei ndogo (vaa viatu, jaza bidoni, weka karatasi mu sachet, shuka watoto kutoka chumba chenye ukuta uliopasuka) lifuate hata kama una mashaka na aliyelituma. Shauri la bei kubwa (ondoka usiku na wagonjwa, acha dawa, usipeleke mtoto chanjo) lidai ushahidi mzito kabla hujasogeza mguu. Mimi ile siku ya 22 nilikataa la bei ndogo, na ile odio nikapokea la bei kubwa. Nilipindua kila kitu.

Kitu cha pili, na hapa mnisikilize vizuri juu kimenisaidia kuliko vyote: tafuta mtu aliye pale pale na umuulize ANAONA nini. Usimuulize "eti ni kweli?" Ukimuuliza "eti ni kweli?" atakujibu kile alichosikia kwenye odio ile ile uliyosikia wewe, mnazunguka kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, bila dereva. Niko na rafiki fundi wa ujenzi anaishi upande wa Kibati, siku hizi nikipata habari ya mlima nampigia hivi:

"Ya Fundi, uko nje? Toka kidogo. Unaona nini juu ya mlima?"
"Moshi mweupe."
"Jana ulikuwa hivi?"
"Jana hata ulikuwa mwingi kuliko leo."
"Unasikia harufu?"
"Hapana, nasikia tu mke wangu ananiita nirudi ndani."

Nusu dakika, unite (salio la simu) kidogo sana, na nimeshajua zaidi ya odio ya dakika sita. Tena tazama tarehe na jina. Mwezi ule wa Mei 2021 nilipokea picha za lava iko katikati ya mji, maduka yanaungua. Picha za kweli kabisa, ila ni za Januari 2002, wakati lava ilipopita kati ya mji paka ikaingia ziwani. Ile ya 2021 iliishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Picha haikudanganya, aliyeituma bila tarehe njo alidanganya, hata kama hakutaka.

Na angalieni nani anajirekebisha. Tarehe 29 Mei 2021 serikali yenyewe ilitangaza mlipuko mwingine, kisha siku hiyo hiyo ikasema ilikosea. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, juu sijawahi kupata odio ya "niko na mtu ndani ya serikali" inayorudi kesho yake kusema samahani ndugu zangu jana nilikosea. Mwenye kusema nilikosea anaweza kuaminiwa kesho.

Lakini msiweke hofu peke yake kwenye mizani, wekeni na faraja pia. Huko Italia, mji wa L'Aquila, miezi ya mwanzo ya 2009 ardhi ilikuwa inatikisika kidogo kidogo kama kwetu. Fundi mmoja wa maabara, Giampaolo Giuliani, alikuwa anatabiri tetemeko akitumia radoni, gesi inayotoka ardhini, watu wakaingia wasiwasi. Ili kutuliza, tume ya wataalamu ikakutana tarehe 31 Machi, na ofisa mmoja akaenda kwenye televisheni akasema hali ni nzuri, akakubaliana na mwandishi kwamba watu wanywe tu glasi ya divai. Tarehe 6 Aprili tetemeko likaua watu 309. Wataalamu sita na huyo ofisa walihukumiwa kifungo mwaka 2012, na 2014 mahakama ya rufaa ikawaachilia wataalamu, ofisa akabaki na adhabu ndogo. Dunia nzima iliandika kwamba wanasayansi wameshtakiwa kwa kutotabiri tetemeko, lakini watu wa L'Aquila walikuwa wanalalamikia kitu kingine: walikuwa na desturi ya babu zao, ardhi ikitikisika usiku unatoka unalala nje, na safari ile wengine walibaki ndani juu waliambiwa hakuna shida. Desturi ya bei ndogo kabisa, blanketi na baridi basi, na mtu wa televisheni akaivunja. Kwa hiyo ukisikia "hakuna shida kabisa kabisa" uiweke mfuko mmoja na "tutakufa wote usiku huu". Mtu anayejua kitu huwa anakwambia pia mahali ambapo hajui.

Sasa wataalamu wakigombana wenyewe ufanye nini? Usichague upande kama mpira. Tafuta mahali walipokubaliana. Tarehe 21 Agosti 1986 kule Cameroon, ziwa Nyos lilitoa gesi usiku na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Wataalamu wakagawanyika: kundi moja, na Tazieff alikuwamo tena, lilisema ni mlipuko wa volkano chini ya ziwa, lingine likasema gesi ilijikusanya mu maji ya chini kwa miaka kisha ikapinduka kama chupa ya bia ya Primus iliyotikiswa. Waligombana kabisa, na kundi la pili njo limeaminiwa na wengi baadaye, mzee wetu safari hii alikosea. Lakini angalia: pande zote zilikubali kwamba kilichoua ni gesi karboniki, kwamba ni nzito kuliko hewa, kwamba inatafuta mabonde. Hicho kinatosha kwa mtu anayetaka kujua alale wapi. Na mwaka 2001 wakaweka bomba la kutoa gesi ya Nyos pole pole.

Gesi ile ile siye tunaijua kwa jina la mazuku, na bibi zetu walisema usimwache mtoto acheze mu shimo asubuhi kabla jua halijapanda, wakati hakuna mtu aliyekuwa na mashine ya kuipima. Mu darasa ninaionyesha hivi, mnaweza kufanya nyumbani: chukua jagi, weka vijiko viwili vya bikarbonati, mimina siki kidogo, itatoa povu. Ngoja povu litulie. Washa vipande viwili vya mshumaa ndani ya beseni tupu, kimoja kifupi kama kidole gumba, kingine kirefu, kisha inamisha jagi pole pole juu ya ukingo wa beseni kama unamimina maji, lakini usimimine siki yenyewe, hewa tu. Hakuna kinachoonekana. Kifupi kinazima kwanza. Kirefu kinaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Watoto wananyamaza kabisa hapo, na siku moja msichana mmoja wa nyuma akasema "njo maana mbuzi anakufa na mchungaji amesimama", sikuwa na kitu cha kuongeza.

Kwa Kivu yenyewe: gesi iko, nyingi sana, kiasi cha kilomita za ujazo 300 za karboniki na kama 60 za metani, lakini iko chini sana, imekandamizwa na uzito wa maji. Lava ya 2002 iliingia ziwani na haikufika huko chini. Upande wa Rwanda wanaivuta hiyo metani wafanye umeme. Je, ile amri ya 27 Mei ilikuwa ya bure? Siku zile nilisema ndiyo, na nilisema kwa hasira. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba magma ilikuwa imeingia kweli chini ya mji na chini ya ziwa, karibu sana na uso wa ardhi, ikasimama hapo. Watu kama 400,000 walihama kwa kitu ambacho hakikutokea lakini kilikuwapo. Kiongozi aliyetangaza alikuwa na sababu. Maji ya kunywa huko Sake na usafiri, hapo ndipo palipokuwa na aibu, na hiyo ni kesi ingine.

Twende kwenye chanjo, juu mlima hautishi kila mwezi lakini chanjo kila mwezi kuna odio. Hapa swali langu ni moja: wangapi, na mmewalinganisha na nani? Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha mu gazeti kubwa la waganga, The Lancet, habari ya watoto 12, akihusisha chanjo ya surua na otizimu, hali ya mtoto kupata shida ya kuongea na kuchangamana na wenzake. Kumi na wawili. Mu darasa langu kuna hamsini na kitu. Watoto wa kwao wanapata hiyo chanjo baada ya mwaka wa kwanza tu, na otizimu inaanza kuonekana karibu umri ule ule, kwa hiyo lazima wazazi wengi wataona kimoja kikifuata kingine, kama vile jogoo anawika na jua linatoka. Wadenmark wakachukua watoto 537,303, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakalinganisha, 2002 wakasema hakuna tofauti. Mwandishi wa habari Brian Deer akachimba akakuta hata hao 12 habari zao zilikuwa zimegeuzwa. 2010 gazeti likafuta makala, na Wakefield akanyang'anywa ruhusa ya uganga. Miaka 12 ya kurekebisha uongo wa watoto 12, na odio bado inazunguka. Kwetu surua ya 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi watoto, kuliko Ebola ya wakati ule iliyoua 2,287, na hakuna kamera iliyokuja kuipiga picha.

Ila msiwe wepesi wa kuwaita watu wajinga. Hofu kubwa karibu kila mara ina mzizi, chimba uuone kabla hujacheka. 2003 huko Kano, Nijeria, viongozi walisimamisha chanjo ya polio wakisema imewekwa dawa ya kuzuia uzazi. Uongo, na polio ikasambaa tena mu nchi nyingi. Lakini mji ule ule, 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto, kesi ikafuata, wazazi wakisema hawakuelezwa vizuri, na 2009 kampuni ikakubali kulipa jimbo la Kano dola milioni 75. Mzazi aliyeona hayo utamwambia nini? Kilichofungua mlango 2004 haikuwa hotuba, ilikuwa chanjo kuletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao, na kupimwa mbele ya watu wao.

Ebola kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliuliza: miaka tunakufa kwa panga na risasi hakuna aliyekuja, leo magari meupe mia, kuna nini? Swali la haki. Na maovu yalikuwapo, tume huru ilithibitisha 2021 kwamba wafanyakazi wa riposti (kazi ya kupigana na Ebola), wa OMS, shirika la afya la dunia, wakiwemo, walidhulumu wanawake. Lakini malalamiko kuwa ya kweli hayageuzi virusi kuwa uongo. Vitu viwili vinaweza kuwa kweli mu nyumba moja. Kilichowabadilisha majirani zangu ilikuwa Agosti 2019, mama na mtoto wake walitoka hospitali hapa hapa Goma wamepona, kwa dawa mpya, na moja ya dawa zilizofaulu wakati huo ilianza na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit 1995, kazi ya professa wetu Muyembe na wenzake. Watu waliona kwa macho. Rudi kwa Ya Fundi: unaona nini?

Kitu kingine kabla sijasahau, jina kubwa si ushahidi. William McBride wa Australia alikuwa kati ya waganga wa kwanza kupiga kelele, 1961, kwamba thalidomide, dawa ya usingizi na kichefuchefu, inaharibu mimba. Alikuwa na haki, watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyoharibika, na kule Marekani ilizuiwa juu mama mmoja, Frances Kelsey, alikataa kusaini akisema kila mara nileteeni karatasi zingine, hizi hazitoshi. Basi McBride akawa shujaa. Baadaye akapiga kelele tena juu ya dawa ingine ya wajawazito, watu wakamwamini kwa lile jina, kumbe safari hiyo alibadilisha namba za majaribio yake, na 1993 wakamfuta kwenye orodha ya waganga. Mtu yule yule. Kwa hiyo "amesema professa" haitoshi, mimi namtaka yule mama wa karatasi.

Mwisho, grupu ya familia. Ukiona mzee ametuma odio ya uongo usimsahihishe mbele ya wajukuu, atakuchukia na ataituma grupu ingine. Mpigie. Mimi na tantini, mkono ukiwa bado mu plasta, tulianza hivi: "Tantini, asante kwa kutuwaza. Huyu anayesema ni nani?" "Sijui mtoto wangu, imetoka kwa mama wa choriste." "Tumuulize huyo mama kwanza, mimi na wewe?" Hakuna aliyeaibika. Na kama wewe njo uliyekosea, rekebisha mahali pale pale na kwa sauti ile ile, grupu nne kwa grupu nne. Mimi nilirudi kwenye zote nne nikasema odio niliyotuma ilikuwa haina mwenyewe. Wawili walinitukana, mmoja akaniandikia pembeni kwamba yeye pia aliituma kwa kumi.

Siku hizi sac yangu ya kukimbilia iko nyuma ya mlango: karatasi za wote mu sachet mbili, tochi, dawa za presha za mama yangu za wiki moja, viatu vya watoto vilivyofungwa jozi jozi kwa kamba, biskuti, bidoni ya lita tano ninabadilisha maji kila posho. Biskuti inabidi ninunue mpya karibu kila wiki. Tantini akija kututembelea anaanza kwa kuikagua sac, kisha anakaa anazila na chai, anasema anahakikisha kama bado ni nzuri.